Vipuri vya shimesikio: mjomba alete nini, na kipi asiguse

Swali la msomaji wa Tanga:

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 71. Miaka miwili iliyopita alipimwa Dar es Salaam akapewa mashimesikio mawili, vifaa vya kumsaidia kusikia, yale yanayokaa nyuma ya sikio, yenye waya mwembamba unaoingia ndani na kimpira laini mwishoni. Betri zake ni zenye karatasi ya kahawia. Sasa la kulia limezima kabisa, na la kushoto linapiga mluzi hasa akitafuna. Betri nanunua kwa fundi saa. Zinaingia vizuri ila hazimalizi siku mbili. Mjomba anakuja Desemba kutoka Uingereza na amesema atabeba vipuri. Mtandaoni nimeona pakiti ya vimpira 'vya aina zote', vichujio, dawa ya kupuliza ya kusafishia, na jirani anashauri tuagize spika yenye nguvu zaidi kwa sababu mama anazidi kutosikia. Tuagize nini?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nusu ya majibu umeyaandika wewe mwenyewe bila kujua. Nianze na la haraka: mwambie mjomba asinunue spika wala ile pakiti ya vimpira mpaka umalize kusoma hapa. Kifaa cha kulia huenda hakijaharibika. Mluzi wa kushoto huenda hauhitaji kipuri chochote. Na hizo betri za fundi saa si betri za shimesikio.

Tuanze na betri, kwa sababu hapo ndipo hela yako inapopotea kila wiki. Chukua moja uliyonunua, igeuze, usome maandishi ya mgongoni. Nategemea utakuta LR41, au AG3 ambayo ni hiyo hiyo kwa jina jingine. Betri ya mama inaitwa 312, na kwa jina la viwandani ni PR41. Herufi moja tu ndiyo tofauti, na umbo halitofautiani: upana milimita 7.9, unene milimita 3.6. Ndiyo maana inaingia bila kulazimishwa, na fundi saa wala hakukusudia kukudanganya.

Tofauti iko tumboni. LR41 ni ya alkali, inayotumika kwenye vipimajoto na vitu vidogo vya kuchezea watoto. Kila kinachohitajika kutengeneza umeme kimefungiwa mle mle. PR41 ina zinki, na oksijeni inaivuta kutoka hewani kupitia vitundu vidogo chini ya ile karatasi ya rangi. Kwa kuwa oksijeni haikubebwa ndani, karibu nafasi yote imejaa zinki. Hivyo LR41 hubeba kama mAh 30 tu (mAh ni kipimo cha umeme uliomo kwenye betri), wakati 312 nzuri hubeba 160 na zaidi. Chukua kifaa kinachokula mAh 1.5 kwa saa: kwa LR41 utapata saa 20, ndizo hizo siku mbili zako zisizotimia. Kwa 312 utapata zaidi ya saa 100, yaani kama wiki kwa mtu anayevaa tangu alfajiri hadi baada ya isha.

Kwa hiyo betri ni kitu cha kwanza kwenye mzigo wa mjomba. Aangalie namba 312 na karatasi ya kahawia. Rangi hizi viwanda vyote vinazifuata: njano ni namba 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675. Chapa yoyote inayojulikana inafaa. Hapa huna haja ya kufuata jina la kiwanda cha shimesikio. Betri mbili kwa wiki ni kama 104 kwa mwaka, na kwa kawaida huuzwa kadi ya sita, boksi la kadi kumi. Maboksi mawili yanatosha mwaka na ziada kidogo. Asilete ya miaka mitatu hata kama bei inamvutia, na asome tarehe ya mwisho nyuma ya kadi kabla ya kulipa.

Mkizipata, karatasi isibanduliwe mpaka siku ya kutumia. Ukishaibandua hewa imeingia na betri imeanza kuishi umri wake. Kuirudisha karatasi hakuizuii kuisha. Baada ya kubandua, iache mezani dakika kama tano ndipo uiweke na kufunga mlango, ivute hewa ya kutosha kwanza. Zihifadhiwe kabatini mahali pakavu. Kwenye friji hapana, kwa sababu ukizitoa zinatoa jasho, na maji yakiingia kwenye vile vitundu betri imekwisha. Wala zisichanganywe na sarafu kwenye pochi.

Hili lingine naomba ulichukulie kwa uzito wote. Ukubwa wa betri hii ni wa kidonge, na wazee wameshawahi kuimeza wakidhani ni dawa ya presha. Betri zisikae sehemu moja na dawa za mama. Kama kuna wajukuu nyumbani, betri iliyokwisha ni hatari kama mpya: mtoto akiimeza, au akiisukumia puani au sikioni, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kuona kama itatoka. Inaunguza nyama ya ndani kimya kimya, na mtoto anaweza asilie.

Sasa la kulia lililozima. Weka betri ya 312 mpya. Kisha livue kimpira uone ncha ya waya. Pale mwisho kuna kitundu, na kwenye kitundu kuna kichujio cheupe, kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. Kazi yake ni kuzuia nta ya sikio isiingie kwenye spika. Kikijaa, sauti haipiti hata kidogo, na mtu anaapa kifaa kimekufa. Nimefanya kazi hii miaka 18, sehemu kubwa huku pwani, na sijawahi kumaliza mwezi bila kuletewa kifaa "kilichokufa" ambacho kimefufuka kwa kubadilishwa kichujio. Mtu amepanda basi usiku kucha kwa ajili ya kitu ambacho angekifanya mezani kwake kwa dakika moja.

Kichujio huuzwa na kijiti chenye ncha mbili. Ncha tupu unaiingiza kwenye kichujio cha zamani na kukivuta moja kwa moja. Ncha ya pili ina kipya, unakisukuma mahali pake na kuvuta kijiti, chenyewe kinabaki. Usikichokoe kwa sindano. Sindano inakisukuma ndani kwenye spika, na hapo sasa ndipo spika inapokufa kweli.

Ukimaliza, fanya jaribio la kiganja: washa kifaa, kifumbate mkononi, kisikilize. Kikipiga mluzi ndani ya kiganja, kiko hai. Kikibaki kimya na betri mpya na kichujio kipya, basi tatizo ni spika, waya wake, au kipaza sauti, yaani maikrofoni inayopokea sauti ya nje, na hapo kinahitaji kupimwa kwenye kliniki, si kuagiziwa kwa kubahatisha.

Vichujio, tofauti na betri, havibadilishani kati ya viwanda. Oticon wana ProWax miniFit, Phonak wana CeruShield ambayo ni kisahani cha kuzungusha, Starkey wana HearClear. Angalia kwenye boksi la kifaa, mara nyingi kuna pakiti moja ya vichujio iliyokuja nacho na hamkuwahi kuifungua. Piga picha hiyo pakiti, umtumie mjomba, alete tano au sita zinazofanana nayo. Pakiti moja kwa kawaida ina vichujio sita au nane, na mtu mwenye nta nyingi anaweza kubadilisha kila baada ya wiki mbili.

Mluzi wa kushoto ni habari nyingine. Shimesikio hupiga mluzi pale sauti iliyokuzwa inapotoka sikioni na kurudi kwenye kipaza sauti, ikakuzwa tena, ikatoka tena. Unasema linazidi mama akitafuna. Taya likisogea, njia ya sikio hubadilika umbo, na kimpira kisichokaa sawa huachia upenyo. Lakini kabla ya kukilaumu kimpira, sikio la mama liangaliwe kwa taa. Nta ikiwa imejaa, sauti inagonga ukuta na kurudi nje, na hakuna kimpira duniani kitakachoponya hilo. Nenda kliniki ya masikio, pua na koo iliyo karibu nanyi, waangalie na wasafishe. Usimwache ajisafishe kwa pamba za vijiti, maana zinashindilia nta ndani zaidi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Mwanzoni mwa kazi yangu alikuja mzee, nahodha mstaafu wa jahazi, analalamikia mluzi. Nikamvisha kimpira kikubwa cha tabaka mbili, mluzi ukakoma, nikafurahi. Baada ya wiki alirudi na vifaa vyote mfukoni. Akaniambia akisema anajisikia kama anaongea ndani ya mtungi, na maneno ya mkewe hayaelewi tena. Nilipomulika sikio nikakuta nta imeziba karibu yote. Ningeanza na taa, asingepoteza wiki yake.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wauzaji wa mtandaoni hawakuambii. Kimpira kinaonekana kama kifuniko tu, kitu cha starehe. Kumbe ni sehemu ya sauti. Kile chenye matundu makubwa huacha sauti nzito ziingie na kutoka zenyewe, na kinafaa mtu ambaye sauti nzito anazisikia ila sauti nyembamba zimempotea, zile za "s" na "f" na za watoto. Kile kilichoziba hubakiza nguvu ndani kwa mtu aliyepoteza zaidi, lakini sauti yake mwenyewe itamvumia kichwani. Aliyempima mama aliandika kwenye programu ya kompyuta inayopanga kifaa ni kimpira cha aina gani, na kifaa kikapangwa kwa hesabu hiyo. Ukibadilisha aina bila kurudi kwenye programu, ni kama umebadilisha miwani ya mtu kwa kuangalia fremu.

Kwa hiyo kimpira mnunue cha aina ile ile na kipimo kile kile anachovaa sasa. Kipimo mara nyingi kimeandikwa kwenye pakiti kwa milimita au kwa herufi. Kibadilishwe kikianza kuwa kigumu, cha njano, au kikilegea kwenye ncha ya waya. Na ile pakiti ya "aina zote" iacheni kabisa. Vimpira vya kila kiwanda hubana kwenye ncha ya waya iliyotengenezwa kwa ajili yake. Hata kiwanda kimoja hubadilisha mtindo huo kati ya toleo la zamani na jipya. Kisichobana kitabaki ndani ya sikio siku mama atakapovuta kifaa. Kila usiku akivua, aangalie kama kimpira kimetoka nacho. Kikibaki ndani, msikifuate kwa kibanio wala kibiriti. Nendeni kikatolewe kliniki.

Jirani yako na spika yenye nguvu zaidi nimemweka hapa makusudi, kwa kuwa ushauri wake una nia njema na unaweza kuleta madhara. Spika ya kifaa kama hiki ina mambo matatu yanayopaswa kulingana: upande, urefu wa waya, na nguvu. Upande huonyeshwa kwa rangi, nyekundu kulia na bluu kushoto. Urefu ni tarakimu ndogo iliyoandikwa kwenye waya, na ukikosea hata hatua moja kifaa kitaning'inia nyuma ya sikio au waya utavuta spika nje. Nguvu huandikwa kwa herufi au namba kutegemea kiwanda. Ya nguvu zaidi ikiwekwa bila kupangwa upya kwenye programu, itatoa sauti ambayo hakuna aliyeipima. Inaweza kumuumiza, na inaweza kumpunguzia hata kile kidogo alichobaki nacho. Kama kweli mama anazidi kutosikia, hicho ni kipimo kipya cha usikivu, siyo kipuri. Imepita miaka miwili; apimwe tena, betri na vichujio vikiwa vizima, ndipo mtajua ni sikio lililoshuka au ni kifaa kilichochoka.

Mjomba akifika dukani atakutana na majina mengi, na ni vizuri ajue undugu wao. Phonak na Unitron ni nyumba moja. Oticon na Bernafon nao ni nyumba moja, na shimesikio lenye jina la Philips hutengenezwa kwenye nyumba hiyo hiyo. Signia na Widex ziliungana mwaka 2019. ReSound na Beltone ni ndugu. Wakati mwingine ndugu hutumia vichujio na vimpira vilevile, na hilo linaweza kuwaokoa kipuri kikikosekana. Lakini aulize kwa jina kamili la modeli. Jina hilo na namba ya kifaa hukaa mwilini mwa shimesikio, mara nyingi chini ya mlango wa betri au nyuma yake. Zipige picha mchana, dirishani.

Dawa ya kupuliza msiinunue. Hasa yenye spiriti, inakausha vimpira na kula gundi na rangi ya kifaa. Kitambaa laini kikavu na brashi ndogo vinatosha. Ukipiga brashi kwenye vipaza sauti, kiinamishe kifaa ili uchafu udondoke chini badala ya kuingia.

Badala yake hela hiyo iende kwenye unyevu, maana kwa mtu wa Tanga unyevu ndio adui mkubwa kuliko nta. Kifaa kinashinda nyuma ya sikio, chini ya ushungi, kwenye jasho la kaskazi, na hewa ya bahari ina chumvi. Mnunulieni kopo la kukaushia lenye punje za silika zinazobadilika rangi zikishiba maji. Zipo mashine za umeme pia, ni nzuri, lakini kopo halijali umeme ukikatika. Kila usiku betri itolewe, iwekwe pembeni nje ya kopo kwa sababu ukavu ule unaimaliza, na kifaa kiingie koponi mlango ukiwa wazi. Punje zikibadilika rangi, zikaushwe kama kopo lilivyoelekeza au zibadilishwe. Mchele siushauri, haunyonyi vya kutosha na vumbi lake linaishia kwenye vichujio. Jua kali na mashine ya kukaushia nywele navyo vinaharibu.

Na kuna udhu. Mama anavua vifaa mara tano kwa siku, anapangusa masikio kwa mikono yenye maji, kisha anavirudisha sikio likiwa bado na unyevu. Nimeona vichujio vingi vikiziba kwa njia hii, nta ikiwa imelainika na maji. Aweke kitambaa kidogo kikavu karibu na mahali pa kutilia udhu, ajifute masikioni na nyuma ya sikio, asubiri kidogo, ndipo avae. Akipaka mafuta ya nazi kichwani au kujipulizia marashi, vifaa viwe koponi kwanza. Ushungi ukikwaruza kwenye vipaza sauti atasikia mkwaruzo. Akiuvaa laini na kuulegeza kidogo pale nyuma ya sikio, unapungua. Vifuko vya kitambaa vya kuzuia jasho vipo, ila vingine hufifisha sauti, kwa hiyo jaribuni kimoja kabla ya kununua sita.

Vya ziada, kama kisanduku cha kupeleka sauti ya televisheni moja kwa moja masikioni au kipaza sauti cha kubandika kwa mzungumzaji, vinasaidia sana, lakini huzungumza na vifaa vya kiwanda chao tu, na si modeli zote. Subirini kipimo kipya. Chaja nayo msinunue: shimesikio la betri za kutupa haligeuki la kuchaji.

Ujumbe wa mjomba uwe mfupi hivi: "Maboksi mawili ya betri 312, karatasi ya kahawia, tarehe ya mbali. Pakiti sita za vichujio kama vya kwenye picha. Pakiti mbili za vimpira, aina na kipimo kama kwenye picha, visiwe vingine. Kopo moja la kukaushia na punje za akiba. Spika usinunue." Betri za 312 mnaweza kuzipata hata sasa kwenye kliniki za usikivu za Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi, msisubiri Desemba kwa hilo, na kichujio kimoja waombeni pale pale mlipopimwa, mjaribu la kulia wiki hii.

Mama mpe shikamoo yangu, na umsogelee upande wa kushoto unapoongea naye mpaka la kulia liwake.